MLANGO ULIOFUNGWA KWA RANGI USIFUNGWE KWA FEDHA

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, juu ya bima ya afya na gharama za kutibu saratani. Twayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.)



Tuliombwa tuzungumze juu ya bima ya afya, tena tukaombwa tusitumie maneno ya ofisini, bali maneno ambayo kila mmoja aliyekaa kwenye mabenchi haya ataweza kuyarudia nyumbani kwake. Tumekubali. Na ili tusipotee katika habari nyingi, tumechagua ugonjwa mmoja tu uwe mfano wetu, nao ni saratani, ambayo wengi wetu twaiita kansa.

Tumeuchagua kwa sababu hii. Malaria humshika mtu, akatibiwa, na baada ya juma moja yuko shambani. Hata asiye na bima huweza kuokota fedha za dawa yake. Saratani sivyo. Saratani huingia nyumbani ikakaa, na siku inapotoka, mara nyingi hutoka na ng'ombe, na shamba, na ada ya mtoto. Kwa hiyo mtu akitaka kujua bima inafaa kwa kiasi gani, na inaishia wapi, na aitazame kwa mgonjwa wa saratani.

HABARI YA JENGO MOJA

Wazee walio hapa wanaijua Ocean Road. Hospitali ile iliyoko ufukweni Dar es Salaam ilijengwa na Wajerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Haikujengwa kwa ajili yetu. Ilikuwa hospitali ya Wazungu, na Waingereza walipoitwaa nchi waliiacha hivyo hivyo. Mwafrika aliyeugua alikwenda hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la tajiri wa Kihindi aliyetoa fedha zake ili ijengwe; na mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo twaiita Muhimbili. Mji mmoja, maradhi yale yale, lakini milango mbalimbali. Na bawabu wa milango ile alikuwa ni rangi ya ngozi.

Tarehe 9 Desemba 1961 tulijipatia Uhuru, na nchi ikatangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mlango ule ukafunguliwa. Leo majengo yale ndiyo makao ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, na binti wa mkulima wa Kasulu hulala katika nyumba ambayo babu yake hakuruhusiwa hata kuikaribia isipokuwa kufagia. Hakuna anayemwuliza rangi yake.

Lakini, ndugu zangu, leo kuna swali jingine mlangoni. Karani humwuliza mgonjwa, "Una bima?" Swali hilo si baya, na karani anayeuliza hana kosa, maana ni kazi yake. Ila mgonjwa akijibu "ninayo", safari yake ni moja. Akijibu "sina", safari yake ni nyingine kabisa. Twasema wazi: haifai mlango uliofunguliwa na Uhuru uanze kufungwa tena, safari hii na fedha. Hilo ndilo jambo tulilolileta mbele yenu.

TULIVYOFIKA HAPA

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure. Mwaka 1977 hata hospitali za kutafutia faida zilipigwa marufuku. Ilikuwa nia njema, wala hatuibezi. Lakini dawa hununuliwa kwa fedha, na fedha zikapungua, na stoo zikawa tupu, hata mgonjwa akawa anapewa kitanda bure na maneno ya kumfariji, basi. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa uchangiaji, yaani mgonjwa atoe sehemu ya gharama.

Walioandika utaratibu ule walijua kwamba si kila mtu ataweza. Wakaweka msamaha kwa watoto wadogo, kwa akina mama wajawazito, kwa wazee wasio na uwezo, na kwa wagonjwa wa maradhi ya kudumu, saratani ikiwamo. Hili tulikumbuke vizuri, maana tutalirudia.

Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao watu wengi huuita kwa herufi zake, NHIF, na mwaka 2001 Mfuko ukaanza kazi kwa watumishi wa Serikali. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri naye hutoa asilimia 3. Kwa mkulima na mchuuzi ukawekwa Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ambao ulifanyiwa matengenezo mwaka 2018: kaya ya watu sita ilitoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Hata hivyo, Bunge lilipokuwa likiujadili muswada wa bima kwa wote mwaka 2022 na 2023, ilitajwa kwamba Watanzania wenye bima ya namna yo yote walikuwa kama 15 tu katika kila 100. Tarehe 2 Novemba 2023 Bunge likaipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria ni jembe. Jembe lililosimamishwa ukutani halilimi.

WANAWAKE WAWILI, UGONJWA MMOJA

Sasa tuchukue mfano. Wanawake hawa wawili hatuwapi majina, maana ni mfano tu, lakini kila mmoja wenu atamwona humo shangazi yake au jirani yake.

Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwingine ni mkulima wa mahindi na maharage. Wote wawili wana saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowashika wanawake wengi wa nchi yetu kuliko saratani nyingine yo yote. Ugonjwa wao umefika mahali pamoja, na daktari amewaambia maneno yale yale: upasuaji umeshapitwa na wakati, itabidi mionzi. Mionzi hiyo hupigwa siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma matano, jumla mara 25. Mara moja kila juma huwekewa dripu ya dawa ya saratani, ile ambayo wagonjwa huiita kemo. Kisha hufuata mionzi ya ndani mara chache. Kazi yote hutakiwa iishe kabla ya majuma manane kupita, kwa sababu ugonjwa ukiachiwa nafasi katikati hujipatia nguvu mpya.

Mwalimu mshahara wake, tuseme, ni shilingi 600,000. Kila mwezi hukatwa 18,000, na mwajiri huongeza 18,000 nyingine. Alipokuwa mzima alinung'unika. Alisema, "Miaka kumi na miwili wananikata, na mimi sijaumwa hata jino." Siku alipougua, alitoa kadi, akatia sahihi kwenye fomu, akapelekwa kwenye vipimo, na toka vipimo akapelekwa kwenye mashine. Bili ilikwenda kwa Mfuko. Hakuuza kitu ili apigwe mionzi.

Mkulima naye alikuwa na kadi, ile ya CHF ya shilingi 30,000. Alitibiwa nayo zahanati, ikamfikisha hospitali ya wilaya, ikamfikisha na hospitali ya mkoa. Hapo ikaishia. Kadi ile iliwekwa ifanye kazi mpaka ngazi ya mkoa, na mashine za mionzi haziko mkoani. Ziko Ocean Road, ziko Bugando, ziko mahali pachache nchini. Ni kama mtu aliyekatiwa tiketi ya gari moshi mpaka Morogoro, na yeye aendako ni pwani. Kwa hiyo pale alipoihitaji bima kuliko siku zote za maisha yake, ndipo alipoambiwa kadi yake haifiki.

Je, afe? La. Upo ule msamaha tuliousema. Atakwenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii, na barua ya kijiji, ataeleza hali yake, ataandikiwa. Wako wagonjwa wengi waliotibiwa kwa njia hiyo, na lazima tuwashukuru wauguzi na madaktari wanaoubeba mzigo huo. Lakini msamaha si bima. Mwenye bima hudai haki yake. Mwenye msamaha huomba. Tena msamaha hukusamehe kulipa kile kilichopo stoo. Dawa ikiwa imekwisha, mgonjwa hupewa karatasi akanunue duka la nje, na duka la nje halijui msamaha.

Tazameni basi. Ugonjwa mmoja, daktari mmoja, mashine moja. Lakini mmoja anahesabu siku zilizobaki za mionzi, na mwingine anahesabu mbuzi waliobaki nyumbani. Hii ndiyo kazi ya bima katika gharama za saratani, na hatujui namna nyingine ya kuieleza iliyo wazi zaidi.

HESABU YA MCHEZO WA KUTOANA

Wapo watakaosema, "Kama ni hivyo, kwa nini ile kadi ya 30,000 isifike Ocean Road?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni hesabu. Tuihesabu pamoja.

Tuseme kaya 1,000 zimetoa shilingi 30,000 kila moja. Jumla ni shilingi milioni 30. Tuseme tena kwamba mgonjwa mmoja wa saratani, toka vipimo mpaka mwisho, anagharimu shilingi milioni 6. Wagonjwa watano tu wamekwisha kuumaliza mfuko wote, na hapo hatujanunua kidonge kimoja cha malaria, wala hatujamzalisha mama mmoja. Basi mfuko mdogo wa wilaya moja hauwezi kuubeba ugonjwa huu, hata viongozi wake wakiwa malaika. Ugonjwa mkubwa hutaka chungu kikubwa, nacho ni cha nchi nzima, ambamo mwenye mshahara na mwenye jembe, kijana na mzee, mzima na mgonjwa, wote wametia mkono.

Akina mama mnacheza upatu. Mnajua sheria yake. Hakuna anayeruhusiwa kujiunga siku ya zamu yake ya kupokea, akachukua, akaondoka. Upatu wa namna hiyo hufa kwa mwezi mmoja. Na bima ni upatu, ila katika upatu huu twaomba zamu yetu isifike kamwe.

Mambo haya yalitokea machoni petu. Palikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya, shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Ilikuwa msaada mkubwa. Lakini wazazi wengi waliwaacha watoto wazima bila kadi, wakakimbilia kumwandikisha mtoto aliyekwisha kuugua. Mwezi wa Machi 2023 Mfuko ukasimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukieleza kwamba matumizi yamezidi michango, na watoto wakaelekezwa waandikishwe kupitia shule na vifurushi vya familia. Wazazi walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini tukiwa watu wazima tuseme na upande wa pili: chungu ambacho wagonjwa peke yao ndio wanaotia, wagonjwa peke yao hawawezi kukijaza.

Kwa hiyo yule mwalimu aliyenung'unika kwamba amekatwa miaka kumi na miwili bila kuumwa, fedha zake hazikupotea. Zilimtibu mtu mwingine, na siku yake ilipofika, fedha za vijana wazima wasiomjua zilimtibu yeye. Huo ndio udugu ulioandikwa katika hesabu.

KADI HAILIPI KILA KITU

Sasa tusije tukawadanganya. Hata mwenye kadi nzuri bado ana gharama, na wengi hushtuka wanapozikuta.

Bima hulipa hospitali. Hailipi basi. Hailipi chumba cha kulala mjini. Hailipi chakula cha yule ndugu aliyemsindikiza mgonjwa. Tukumbuke wale wanawake wetu wawili: majuma matano ya mionzi ni siku 35. Mgonjwa hawezi kurudi Kigoma kila jioni. Watu wawili kwa siku 35 ni sawa na kumlisha mtu mmoja siku 70. Tukikisia shilingi 5,000 kwa kila mtu kwa siku, ni 350,000. Tukikisia chumba cha shilingi 10,000 kwa usiku, ni 350,000 nyingine. Jumla 700,000, na bado nauli. Sasa linganisheni: yule mwalimu hukatwa 18,000 kwa mwezi, yaani 216,000 kwa mwaka mzima. Yale ambayo kadi haiyalipi yamezidi mara tatu mchango wake wa mwaka! Na mkulima pamoja na hayo amekosa msimu, kwa maana mbegu haimngojei mgonjwa.

Ndiyo sababu utamwona mgonjwa aliyetibiwa bure kabisa, na bado nyumba yake imefilisika. Na ndiyo sababu wengine huacha tiba katikati. Watu husema, "Amekata tamaa." Mara nyingi hakukata tamaa. Ameishiwa.

Jambo la pili, zipo dawa ambazo bima huzilipa kwa mipaka au haizilipi. Katika saratani ya matiti, kwa mfano, wako wagonjwa, kama 15 hadi 20 katika kila 100, ambao ugonjwa wao hufaa kutibiwa kwa dawa iitwayo trastuzumabu. Dawa hiyo hutolewa kila baada ya majuma matatu kwa mwaka mzima, na ni ya bei kubwa. Familia chache sana nchini zingeweza kuinunua toka mfukoni. Kwa dawa za namna hiyo hakuna kitu katikati: ama chungu cha taifa kinalipa, ama mgonjwa anakosa.

Jambo la tatu, kadi ni karatasi mpaka hospitali ikubali kuipokea. Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi zilisimamisha kuwahudumia wenye kadi za NHIF kwa sababu ya kutokuelewana na Mfuko juu ya bei mpya. Mfuko ulikuwa na hoja zake, na hospitali zilikuwa na hoja zao. Lakini mgonjwa wa saratani, ambaye dawa yake ina tarehe, hana nafasi ya kungoja mabwana wamalize mazungumzo. Twasema kwamba watu wazima wanapogombana juu ya bei, wagonjwa walio katikati ya tiba wawekwe nje ya ugomvi.

Na tuwatazame jirani zetu wa Kenya, maana nyumba ya jirani ni shule. Oktoba 2024 walianza utaratibu mpya wa bima ya jamii badala ya mfuko wao wa zamani uliokuwapo tangu 1966. Ulipoanza, ukomo wa fedha za kutibu saratani ulikuwa jumla ya shilingi za Kenya 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Ni fedha nyingi kwa mtu wa kawaida, na zimewasaidia wengi. Lakini wagonjwa walilalamika kwamba fedha zaisha tiba haijaisha. Fundisho kwetu ni kwamba haitoshi kuuliza, "Je, bima inalipa saratani?" Yatupasa tuulize pia, "Inalipa mpaka wapi?" Daraja linaloishia katikati ya mto halimvushi mtu.

WOGA WA BEI NDIO UNAOTUZIDISHIA BEI

Ndugu wanachama, tumefika mahali tunapotaka mtusikilize kwa masikio yote mawili.

Mtu asiye na bima akiona uvimbe kwenye titi hafikiri kwanza juu ya ugonjwa. Hufikiri juu ya gharama. Hujiambia, "Nikienda, watanipima, na kipimo ni fedha. Ngoja tuvune." Wakavuna. "Ngoja mtoto afunguliwe shule." Akafunguliwa. Wengine hupitia kwa mganga kwanza, kwa kuwa mganga hupokea kuku. Mwaka umepita, na uvimbe uliokuwa kama punje ya mahindi umekuwa kidonda. Madaktari wa saratani husema siku zote kwamba wagonjwa wao wengi huja ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Na hapa ndipo hesabu inapogeuka. Ugonjwa uliowahiwa pengine ungetaka kisu peke yake. Ugonjwa uliochelewa hutaka kisu, na dripu, na mionzi, na damu, na vitanda, na mwisho wake hauna hakika. Kwa hiyo aliyekimbia gharama ndogo ameikuta gharama kubwa imemngojea njiani. Kukosa bima hakumfanyi mtu alipe tu. Humfanya achelewe, na kuchelewa ndiko kunakogharimu kuliko vyote, kwa fedha na kwa roho.

Basi faida ya kwanza ya bima si ile bili ya mwisho. Faida ya kwanza ni kumwondolea mtu woga wa kwenda kupimwa. Shingo ya kizazi huchunguzwa kwa siki tu, muuguzi akiangalia kama mahali fulani pamegeuka weupe, na dalili zikionekana mapema hutibiwa papo hapo kwa kugandishwa au kuunguzwa kidogo, kabla saratani yenyewe haijawa. Na kuna chanjo. Tangu Aprili 2018 wasichana wetu hupewa chanjo ya virusi vinavyoleta saratani hiyo, bila malipo; ilianza kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wenye miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Baba anayemficha binti yake siku ya chanjo kwa sababu ya uvumi wa sokoni anamwandikia deni ambalo yeye mwenyewe hatakuwapo kulilipa.

TUDAI NINI, TUFANYE NINI

Twaidai Serikali mambo manne, wala hatuoni haya kudai, kwa kuwa vita juu ya maradhi ilitangazwa kwa jina letu.

Kwanza, bima ya kila mwananchi ifuate rufaa yake. Popote daktari anapompeleka mgonjwa wa saratani, kadi ifike. Pili, sheria ya 2023 ilitaja fedha za kuwalipia wasio na uwezo, zitokane na kodi za vitu kama vinywaji vyenye gesi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Fedha hizo zisikopwe kwa shughuli nyingine. Mlevi akinywa, angalau bia yake imtibu mama wa mtu. Tatu, vipimo vya mapema vilipwe na bima bila kusuasua, kwa kuwa shilingi moja iliyowahi ni bora kuliko shilingi kumi zilizochelewa. Nne, mashine na wataalamu waendelee kusogezwa mikoani, na karibu na hospitali za mionzi pawe na mabweni ya wagonjwa, maana mgonjwa anayelala kibarazani hajatibiwa hata kama amepigwa mionzi.

Lakini tusiwe watu wa kudai tu. Yako ya kwetu.

Tujiandikishe tukiwa wazima. Anayengoja augue ndipo atafute kadi amechelewa, tena anawaumiza wenzake. Tusiazimane kadi. Kumpa jirani kadi yako akatibiwe kwa jina lako huonekana kama huruma, lakini ni kutoboa chungu, na siku chungu kitakapovuja hatutajua wa kumlaumu. Hospitali inayoandika dawa ambayo haikutolewa nayo inatoboa chungu kile kile, na mwanachama anayejua jambo hilo akanyamaza ni mshirika wake.

Na hili la mwisho ni la tawi hili, wala halingoji barua kutoka makao makuu. Yale ambayo kadi hailipi, yaani nauli, chakula na chumba, ni mambo tunayoyaweza. Tunapofiwa twajua kuchanga. Daftari hutembea, na jioni ile ile zimepatikana fedha za sanda, za jeneza, na za wali wa matanga. Twauliza kwa unyenyekevu: kwa nini daftari hilo lisitembee mtu angali hai? Fedha ambazo zingemlaza vizuri kaburini zingeweza kumweka mjini majuma matano akamaliza mionzi yake. Twapendekeza kila balozi awe na daftari la wagonjwa kama alivyo na daftari la misiba, na jirani wa mgonjwa aliyeko hospitali wamlimie shamba lake msimu usimpite.

Ndugu Mwenyekiti, tulianza na jengo moja lililoko ufukweni, ambalo wazee wetu walilitazama kwa mbali. Halikufunguliwa na mtu mmoja tajiri. Lilifunguliwa na watu wengi maskini, kila mmoja akitoa senti zake za kadi ya uanachama, bila kujua kama yeye mwenyewe atafika siku ya Uhuru. Wengi hawakufika. Walitoa tu, ili mwingine aingie.

Bima ni mchango wa namna ile ile. Twaombeni tuutoe kwa moyo ule ule.